Riwaya yangu haitaki kuisha

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 20. Kwa miaka miwili sasa naandika riwaya ya vijana, na nimekwama mwishoni. Kurasa 214 zimekamilika. Sura ya mwisho nimeiandika mara saba na mara saba nimeifuta. Ningeweza kumwendea mwalimu wa uandishi, ila nahisi tatizo langu si la uandishi peke yake, ndiyo maana nimekuja kwako.

Riwaya inahusu marafiki wawili wa bweni moja. Saa ya mwalimu inapotea, inakutwa kwenye begi la mwanafunzi asiye na kosa, naye anafukuzwa shule. Mmoja wa wale marafiki anahisi kwamba mwenzake ndiye aliyeiweka, lakini hana uhakika, basi ananyamaza. Miaka inapita na nafsi inamsuta. Wote waliosoma sura za mwanzo wamezipenda.

Sasa nikwambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Haikuwa saa. Ilikuwa karatasi ya mtihani, tukiwa na miaka 16. Rafiki yangu aliipata siku moja kabla, sikumwuliza wapi. Mimi sikuisoma, lakini nilijua anayo. Asubuhi ya mtihani walimu wakaingia ghafla kupekua madawati. Nilikuwa nimekaa nyuma yake. Niliuona mkono wake ukitoka chini ya dawati na ile karatasi imekunjwa mara nne, akaisukumiza ndani ya kamusi ya kijana aliyekaa pembeni yake. Kamusi yenyewe ilikuwa kuukuu, jalada limeachia, mwenyewe kaifunga kwa mpira mwembamba ule wa kufungia karatasi. Rafiki yangu aliuvuta mpira, akaingiza, akauachia. Niliusikia ukigonga jalada: ta!

Walimkuta nayo. Hakulia, hakupiga kelele. Alirudia tu, "Si yangu, mwalimu." Mwalimu akatugeukia darasa zima: "Kuna anayejua lolote?" Nilikuwa naitazama kalamu yangu. Yule kijana alizuiwa kufanya mtihani, akasimamishwa masomo, mwisho akaenda kurudia mwaka katika shule nyingine. Aliko sasa napajua, tuna watu tunaofahamiana.

Shangazi, usimwone rafiki yangu kuwa mtu mbaya. Mama yangu alipofariki, mwaka mmoja kabla ya hayo, yeye ndiye aliyelala sakafuni kando ya kitanda changu usiku tisa mfululizo, kwa sababu nilikuwa naamka nikiita. Hakutumwa na mtu. Deni lile sitalilipa maisha yangu yote. Ndiyo maana nilinyamaza, na ndiyo maana nimekuwa nikijiambia kwamba riwaya hii itakuwa kuungama kwangu, bila kumtaja mtu.

Mwezi uliopita nilimpa muswada ausome. Alinirudishia baada ya siku mbili, akasema, "Kweli asante ya punda ni mateke. Ukiichapisha hii, usinijue tena." Tangu hapo hatujazungumza.

Maswali yangu ni mawili. Je, kwa kuandika namsaliti rafiki yangu? Na riwaya niimalizeje? Katika rasimu moja yule mwanafunzi anafariki ajalini kabla hajaujua ukweli. Katika nyingine anasamehe, wanakumbatiana. Zote nikizisoma asubuhi naona nimeandika uongo.

Wako,
Niliyekaa Nyuma

*

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote tatu nimesimama palepale, kwenye ule mpira wa kamusi. Miaka minne imepita na bado unausikia ukigonga. Kisha nikarudi kwenye muhtasari wa riwaya kuutafuta, nisiuone. Mimi umeniandikia "niliuona mkono wake." Wasomaji wako umewaandikia msimulizi anayehisi na hana uhakika.

Hapo ndipo ulipokwama. Kugeuza karatasi kuwa saa ni ruhusa ya kila mtunzi, sina neno nayo. Ila umemgeuza shahidi akawa mtu wa kudhani, na hiyo ni kujipunguzia mzigo. Aliyedhani anaweza kusamehewa na msomaji ifikapo ukurasa wa kumi. Aliyeona, akaulizwa mbele ya darasa zima, akatazama kalamu, huyo ana hadithi nyingine kabisa. Umekuwa ukitafuta mwisho wa huyu wa pili huku ukimsimulia yule wa kwanza. Hata ungefuta mara sabini.

Nijuavyo mimi, hakuna aliyekuuliza habari za kamusi tangu siku ile. Hujalazimika kumdanganya mtu. Na bado haikuachi. Michael Slepian wa Chuo Kikuu cha Columbia na wenzake walichapisha mwaka 2017 utafiti kuhusu siri, wakaona kwamba watu hurudishwa na mawazo kwenye siri zao wakiwa wenyewe mara nyingi zaidi kuliko wanavyolazimika kuzificha mbele za watu, na kadiri mawazo yanavyorudi huko ndivyo hali ya mtu inavyozidi kuwa dhaifu. Nilipousoma nilimkumbuka Adili wa Shaaban Robert, katika Adili na Nduguze, na wale manyani wawili aliowachapa kila usiku nao ni ndugu zake. Usiku baada ya usiku fimbo ile haikumaliza kitu. Mambo yalianza kufunguka siku alipoulizwa na mfalme Rai naye akasimulia yote. Naona rasimu zako saba ni fimbo za namna hiyo, mwanangu. Zinakuuma kweli, na asubuhi kila kitu kiko palepale.

Hata hivyo riwaya yako siidharau hata kidogo. Mwaka 1986 James Pennebaker na Sandra Beall walitoa matokeo ya jaribio ambamo wanafunzi wa chuo waliandika dakika 15 kwa siku, siku nne mfululizo, kuhusu mambo yaliyowaumiza zaidi maishani. Walioandika tukio pamoja na walivyojisikia walikwenda zahanati ya chuo mara chache zaidi katika miezi iliyofuata kuliko walioandikishwa mambo ya juujuu. Kuandika kunasaidia, na kwako naamini kumekusaidia usianguke. Lakini angalia nani aliyepata nafuu katika jaribio lile. Ni aliyeshika kalamu. Yule kijana wa kamusi hajapata hata mstari mmoja. Riwaya ikitoka bila yeye kujua, watu watakupongeza kwa ujasiri wa kuandika juu ya ukweli, naye atakuwa bado ndiye aliyekutwa na karatasi.

Nina sababu ya kulishikilia hili. Nikiwa kijana kazini, fedha nilizokabidhiwa zilipungua na nikahesabiwa mimi. Baada ya miaka 11 mwenzangu mmoja wa zamani akanisimamisha kwenye korido akaniambia ni yeye. Nilimkasirikia siku mbili nzima. Siku ya tatu ndipo nikaanza kuelewa alichonirudishia. Miaka yote ile nilikuwa nimeshaamini kwamba huenda kweli nilihesabu vibaya. Nilikuwa nahesabu kila kitu mara mbili, hata funguo za nyumbani. Mtu akisingiziwa na kila mtu akanyamaza, hafikii tu kuwachukia watu, huanza kujishuku mwenyewe. Inawezekana yule kijana hadi leo anajiuliza ile kamusi aliiacha wapi jioni ya kabla, nani aliiazima, alikosea nini. Jibu unalo wewe. Ni sentensi moja.

Sasa rafiki yako. Usiku tisa sakafuni ni wema mkubwa, na sitaki uufute kichwani ili upate nguvu ya kusema. Uache ubaki mkubwa hivyohivyo. Lakini tazama deni lile limekuwa likilipwa na nani. Ulilala ukilindwa wewe. Aliyelipa ni mtu wa tatu ambaye hakuwahi kukopa, na alilipa kwa mwaka wake mzima. Hapo ndipo uaminifu wako kwa rafiki ulipokosea njia, na hukuwa na umri wala mtu wa kukuonyesha. Kwa hilo nakuonea huruma.

Umeuliza kama kuandika ni kumsaliti. Kuandika kwenyewe, hapana, yaliyokupata ni yako pia. Kosa lako kwake ni jingine, na hujalitaja. Ulimpa kurasa 214 akazisome peke yake, ajikute ndani, bila neno moja la mdomo. Inawezekana kabisa hadi siku ile hakujua kwamba kuna aliyemwona. Na hata baada ya kusoma bado hajui, kwa sababu msimulizi wako anahisi tu! Amekasirishwa na kitabu kinachomzunguka bila kumwambia kitu waziwazi. Mimi nisingekuwa na adabu zaidi yake.

Kuna mwanasaikolojia wa Marekani, June Tangney, aliyetumia miaka mingi kutenganisha aibu na hatia. Aibu humwambia mtu kwamba yeye mwenyewe ni mbovu, hatia humwambia kwamba alichotenda ni kibaya. Aliyeshikwa na aibu huelekea kujificha, kukana, au kumrushia mwingine lawama. Anayehisi hatia huelekea zaidi kutaka kurekebisha. Ile "asante ya punda" aliyokurushia mimi naisikia kama aibu inayosema. Basi ukikaa naye usimhukumu utu wake, wala usimwambie amekuwa mtu wa namna gani. Taja tendo. "Nilikuona ukiiweka karatasi kwenye kamusi. Nilinyamaza, na kunyamaza ni kosa langu. Nitakwenda kumwambia. Ningependa twende wote, au utangulie wewe." Mpe siku, tuseme wiki mbili, na uzitimize. Humwombi ruhusa. Unampa nafasi ya kufika mwenyewe kabla hajafikiwa, na hiyo ndiyo heshima iliyobaki unayoweza kumpa. Mwambie pia kuhusu zile usiku tisa. Nina wasiwasi hujawahi kumwambia zilikuwa na maana gani kwako, maana vijana hudhani mambo kama hayo yanajulikana.

Huenda ukampoteza. Wahenga walisema msema kweli hukimbiwa na rafiki zake, na sitakudanganya kwamba kwako itakuwa tofauti. Huenda pia akakaa kimya mwaka mzima kisha akarudi. Vyote nimeviona.

Kwa yule kijana, usimtokee ghafla. Mtumie ujumbe mfupi: kuna jambo unalijua kuhusu siku ya mtihani, lilikuwa haki yake kulijua tangu siku ile, je, angependa kulisikia? Akikataa, mwachie mlango wazi na usimsumbue. Akikubali, sema kwa ufupi. Uliona nini, mkono ulikuwa wa nani, uliulizwa, hukujibu. Utamtaja rafiki yako, ndiyo. Ukisema "mtu fulani" utakuwa umempa darasa zima la kulishuku, na tayari amebeba vya kutosha. Lakini mtaje kwake yeye mwenye haki. Usiende kulimwaga kwenye kundi la simu la mliosoma pamoja.

Habari za mama yako siku hiyo ziache. Ni za kweli na zinaumiza, ila zikitajwa pale zitamlazimisha akuhurumie, na hakuja kukuhurumia. Msamaha pia usiuombe. Omba radhi kwa ulichofanya, kisha nyamaza, umwachie muda. Anaweza kucheka, anaweza kuondoka, anaweza kukuuliza swali moja dogo ambalo hukulitarajia, kama vile ulikuwa umevaa nini au nani mwingine alikuwa upande ule. Jibu unachokijua. Usichokijua usikipambe.

Mwulize kama angetaka uandike na kutia saini maelezo ya kupelekwa shuleni ili kumbukumbu yake irekebishwe. Uamuzi ni wake. Akitaka, kabla ya kutia saini pata ushauri kwa mtu mzima unayemwamini anayejua sheria, maana karatasi hiyo itamtaja mtu mwingine kwa kosa na lazima iandikwe kwa uangalifu, palepale ulipoona na si zaidi.

Riwaya usimtajie siku ya kwanza. Ukiitaja atadhani umekuja kuchukua sura ya mwisho kwake. Lakini isiende kwa mchapishaji kabla hajajua kuwa ipo na imetokana na nini. Wewe unasema umebadilisha majina na kitu chenyewe, ila waliokuwa darasani watatambua kwa kurasa tano, na katika nchi nyingi kubadilisha jina peke yake hakumkingi mwandishi ikiwa mtu anatambulika na amechafuliwa. Akisema hataki yaliyompata yatumike, yaondoe. Najua ninachokuomba. Mwandishi anayekata kitu alichokipenda huumia kama aliyekatwa mwenyewe. Utatunga tukio jingine, una kipaji hicho. Mtu aliyeweza kunisikilizisha mpira wa kamusi kwa herufi mbili haishiwi.

Na sasa kazi yenyewe ya uandishi, maana uliiuliza na sitaki niipite kama jambo dogo.

Kwanza mrudishe shahidi. Msimulizi wako aone. Halafu lile swali la mwalimu, "Kuna anayejua lolote?", mimi ningelipa kurasa nne. Katika barua umelipa sentensi mbili. Msomaji wa miaka 15 anajua vizuri kimya cha namna ile kinavyokuwa, ameshakaa ndani yake, na ukikipita mbio atajua umekikimbia. Kalamu ilikuwa ya rangi gani? Ulihesabu nini? Nani alikohoa? Andika hapo mpaka mkono ukuume.

Pili, zile usiku tisa. Nimetafuta kwenye muhtasari, hazimo. Bila hizo msimulizi wako ni mwoga tu, na vijana hawatakuwa na subira naye. Zikiwemo, msomaji atamwona rafiki akiwa amejikunja sakafuni na shuka moja, na swali la mwalimu litakapokuja naye atashindwa kufungua mdomo. Hapo kitabu chako kitakuwa kimemkamata. Muswada ule rafiki yako aliousoma ulikuwa na kosa lake na haukuwa na wema wake. Huenda hilo lilimuuma kuliko yote.

Tatu, yule mwanafunzi. Katika barua ana sentensi moja, "Si yangu, mwalimu." Nijibu kwa moyo mweupe, katika kurasa 214 anazo ngapi? Rasimu moja umemuua ili asije akauliza. Nyingine umemfanya asamehe ili msimulizi alale. Mara zote mbili yupo kwa ajili ya mtu mwingine. Mpe sura yake mwenyewe: yuko darasa jipya, amewazidi wenzake mwaka mmoja, mwalimu anaagiza watoe kamusi. Anayo? Aliitupa? Bado ina mpira? Sijui, na wewe hujui, na ndiyo sababu sura ile haiandikiki leo.

Mwisho wa riwaya hauna haja ya kufika kwenye msamaha. Unaweza kukomea mlangoni, au katikati ya mazungumzo, au kwenye lile swali dogo lisilotarajiwa. Vijana wanavumilia mwisho ulio wazi. Wasichovumilia ni kuhubiriwa, wanakinusa mbali.

Kwa hiyo muswada ufunge uuweke kabatini kwa sasa. Anza na rafiki yako, ana kwa ana, si kwa simu, na usiende na karatasi yoyote mkononi.

Shangazi yako